Sado Moja Ni Gramu Ngapi? Shajara ya Mradi Wangu wa Takwimu

Machi 3

Mwalimu wa takwimu ametupa mwezi mmoja na nusu. Kila mwanafunzi achague kitu kinachopimika karibu na kwao, akadirie wastani wake, aandike masafa ya uhakika (kutoka namba ipi hadi ipi anakadiria wastani wa kweli ulipo), na aeleze ukubwa wa sampuli aliupataje. Wenzangu wengi wamekimbilia urefu wa wanafunzi na muda wa kusubiri daladala. Mimi nimechukua dagaa, kwa sababu naishi kwa shangazi, na kwa shangazi hakuna mazungumzo yanayoisha bila kupitia kwa dagaa.

Shangazi hununua dagaa wakavu soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa sado, na huuza dukani kwake Igoma kwa kilo. Kwa asiyeijua, sado ni kile kikopo cha plastiki cha lita nne kilichokuwa na rangi ya ukuta. Rangi imekwisha zamani, jina la Sadolin limebaki. Ananunua kwa ujazo, anauza kwa uzito, na faida yote iko hapo katikati. Miaka yote amehesabu kwamba sado moja ni kilo moja. Nilipomuuliza nani alimwambia, akacheka. "Nani aniambie? Si macho yangu haya."

Basi swali langu ni hilo. Sado ya dagaa wakavu inayouzwa asubuhi pale kwenye safu anayonunulia shangazi, kwa wastani ina gramu ngapi? Nimeihesabu safu: wauzaji 41.

Machi 4

Nimeazima mizani ya kidijitali kwa jirani anayeoka keki. Inasoma kwa hatua za gramu 5. Kabla ya kuiamini nikaijaribu: nikaweka jagi lake la kupimia, nikabonyeza sifuri, nikamimina lita moja ya maji, ambayo inatakiwa iwe kilo moja. Ikasoma 1,005. Nikarudia mara tatu, 1,005 zote. Huenda ni mizani, huenda ni jicho langu kwenye mstari wa jagi, lakini nimeiandika mapema kwa sababu kosa la namna hii halitibiwi na sampuli kubwa. Nikipima sado elfu moja kwa mizani inayozidisha gramu 5, wastani wangu utakuwa umezidi gramu 5, tena kwa kujiamini kwingi.

Sitapima kwa sado yangu. Kinachotakiwa ni kile muuzaji anachommiminia mnunuzi, kwa kikopo chake na kwa mkono wake. Atamimina kwenye beseni langu, nitapima, nitamrudishia.

Machi 6

Shangazi ana muuzaji wake wa siku zote, mama mtu mzima anayekaa mwanzo wa safu. Nikamsalimia mwangaluka, nikaeleza shida yangu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Yaani unapima halafu hununui?" Nikanunua sado moja ya nyumbani, ndipo akanimiminia kumi.

Gramu zake: 980, 1,010, 995, 1,040, 1,020, 1,005, 990, 1,030, 1,015 na 1,025. Wastani 1,011. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi gramu zinavyotawanyika kuzunguka wastani, kwa kugawa na 9 badala ya 10, ni 18.8.

Jioni nikakokotoa. Kosa sanifu ni mkengeuko gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi: 18.8 gawanya kwa 3.16, nikapata karibu 5.95. Nikazidisha kwa 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, kama nilivyozoea, nikaandika 999 hadi 1,023, nikafunga daftari. Baadaye nikiwa naosha vyombo nikakumbuka kwamba 1.96 ni ya mtu anayeujua mkengeuko wa soko zima. Mimi mkengeuko wenyewe nimeukadiria kutoka kwa sado zilezile kumi. Nina mashaka mawili, na 1.96 inalipia moja tu.

La pili linalipiwa na jedwali la t. Kwa digrii za uhuru 9 (idadi ya vipimo toa moja), asilimia 95, namba ni 2.262. Ukingo wa kosa, yaani umbali kutoka wastani hadi mwisho wa masafa, unakuwa gramu 13.5, na masafa yanapanuka hadi 997.5 na 1,024.5. Tofauti ni ndogo, lakini ona kilichotokea: mwanzoni kilo moja ilikuwa imo kwa kubanwa kwenye ukingo, sasa imeingia kwa nafasi kidogo.

Jedwali hili nalipenda kwa sababu ya asili yake. William Sealy Gosset alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na shida yake ilikuwa kama yangu: shayiri na vipimo vichache, si maelfu. Mwaka 1908 alichapisha hesabu ya sampuli ndogo kwa jina la kujificha, Student, na hadi leo usambazaji wa t unaitwa kwa jina hilo la uongo. Wa shayiri na wa dagaa, shida moja.

Machi 8

Leo nilijiona hodari. Kanuni ya ukubwa wa sampuli kwa wastani ni 1.96 mara mkengeuko, gawanya kwa ukingo wa kosa unaoutaka, kisha jibu lote zidisha kwa lenyewe. Nikachukua ukingo wa gramu 20 kwa kubahatisha tu, nikaweka 18.8 yangu, nikapata 3.4. Unapandisha juu daima: sado nne.

Sado nne! Nikampelekea mwalimu karatasi, nikidhani nimemaliza mradi kwa siku tano. Akaisoma, akauliza swali moja. "Hizo sado kumi zimemiminwa na mikono mingapi?"

Mmoja.

Akanirudishia karatasi bila kuweka alama yoyote. Nimetembea hadi kituoni nikiwa na aibu, lakini nimeelewa. Zile sado kumi zilitoka kwenye lundo moja, kikopo kimoja, mama mmoja mwenye mkono uliozoea kujaza kiasi kilekile tangu sijazaliwa. Mkengeuko wa 18.8 ni mkengeuko wa mkono wake. Soko lina mikono 41.

Machi 11

Nimerudi. Safari hii nimeandika namba 1 hadi 41 kwenye vikaratasi, nikavikunja, nikatikisa kwenye kofia, nikachomoa 12. Kila aliyetoka, sado moja. Nilitamani sana kumruka namba 33 maana anafoka, lakini nikajikaza. Ukishaanza kuruka wanaofoka, unachopima ni dagaa wa watu wapole.

Nilipata: 940, 1,085, 1,010, 890, 1,120, 975, 1,060, 1,030, 915, 1,150, 985, 1,020. Wastani 1,015, yaani karibu uleule wa juzi. Lakini mkengeuko sanifu ni 79.9! Mara nne na zaidi. Kwa t ya digrii 11, ambayo ni 2.201, ukingo ni gramu 51, na masafa ni 964 hadi 1,066.

Yaani nimeongeza sampuli kutoka kumi hadi kumi na mbili na masafa yamepanuka. Kitabu kinasema sampuli ikikua masafa yanabanana, na ni kweli, mradi mkengeuko wa kwanza haukuwa wa kujidanganya.

Kwa nini zinatofautiana hivi? Nilivyoona kwa macho: vikopo vingine kitako kimebonyezwa ndani kidogo, na hilo kila mnunuzi wa Mwaloni analijua ila halisemi. Wengine wanajaza hadi kilima kinasimama juu ya mdomo wa kikopo, wengine wanapitisha kiganja. Dagaa wadogo hupangana wakabanana, wakubwa huacha nafasi. Wengine wamechanganyika na furu, samaki wengine wa ziwani, ambao ni wazito. Na kuna mchanga. Dagaa walioanikwa mchangani pwani huja na pwani yao. Wa chanja ni wasafi. Mchanga nao unalala chini ya beseni na unapimwa kama dagaa.

Machi 12

Ukingo wa kosa. Kwenye mazoezi ya darasani huwa umeandikwa tayari, kwamba "kwa kosa lisilozidi 3", na hakuna anayeuliza tatu imetoka wapi. Leo nimeutafuta kwa mwenye mali.

"Shangazi, nikikosea gramu ngapi kwa kila sado ndiyo itakuuma?"

"Ikiwa mia nafunga duka."

"Hamsini?"

"Inauma."

"Ishirini?"

Akanyamaza akahesabu kwa vidole. Ananunua sado 60 kwa wiki. Gramu 20 kwa kila moja ni kilo moja na gramu 200. "Hiyo mpe paka," akasema.

Basi ukingo ni gramu 20, na safari hii una mwenyewe. Naweka mkengeuko 80: 1.96 mara 80 ni 156.8, gawanya kwa 20 ni 7.84, zidisha kwa lenyewe ni 61.47. Ukikadiria kama ulivyofundishwa shule ya msingi utaandika 61, na utakuwa umekosa alama, kwa sababu sado 61 hazifikishi ahadi. Ni 62.

Kwa tamaa nikajaribu ukingo wa gramu 10: sado 246. Gramu 5: 984. Ukitaka kosa lipungue nusu, kazi inakuwa mara nne, na hapa ndipo nilipomshukuru paka wa shangazi.

Kisha nikakumbuka tena jedwali la t. Kwa sado 62 namba yangu haitakuwa 1.96 bali karibu 2.00, na ukingo utavuka 20 kidogo. Nikapandisha hadi 64. Ni namba nzuri pia kwa sababu kipeuo chake ni 8, na mtu anayekokotoa kwa simu ndani ya daladala anahitaji fadhila kama hizo.

Machi 14

Mpango. Sado 64 zote kwa siku moja haziwezekani, tena si vizuri, maana siku nazo hazifanani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa haiwavuti tena dagaa. Leo mwezi ni mpevu. Nikipima wiki hii peke yake nitakuwa nimepima akiba ya zamani, na nikipima wakati wa giza peke yake nitakuwa nimepima dagaa wapya tu. Kwa hiyo nachukua wiki nne, mzunguko mzima wa mwezi, na kila wiki naokota siku mbili kwa kura. Kila siku wauzaji wanane kwa kura. Nane mara nane.

Machi 18

Siku ya kwanza ilikuwa jana, imekwenda salama. Leo sina soko, nimeshinda na mazoezi ya uwiano.

Kanuni: 1.96 mara 1.96, zidisha kwa p (sehemu ya watu wote wenye sifa unayoitafuta), zidisha kwa moja toa p, gawanya kwa mraba wa ukingo. Ukiwa huna habari yoyote ya p unaweka nusu, kwa sababu p ikizidishwa na moja toa p haivuki 0.25 popote, na hapo ndipo inapofika kileleni. Kwa ukingo wa asilimia 5 unapata 384.16, yaani 385. Kama una sababu ya kuamini p iko karibu na asilimia 10, watu 139 wanatosha. Lakini sababu iwepo. Mwenzangu mmoja aliweka asilimia 10 kwa sababu "sampuli inakuwa ndogo", na huo ni uvivu uliovaa tai.

Jambo lililonisumbua ni kwamba idadi ya watu wote haimo kwenye kanuni. Mkoa wa Mwanza, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 3.7. Watu 385 watatosha vipi? Nikachukua sahihisho la idadi yenye kikomo: sampuli gawanya kwa moja jumlisha (sampuli toa moja, gawanya kwa idadi yote). Kwa milioni 3.7 jibu ni 385 ileile, haitikisiki. Kwa kijiji chenye kaya 200, inashuka hadi 132. Yaani idadi inajali pale tu sampuli inapokuwa kipande kikubwa cha kitu chenyewe. Nimelirudia zoezi hili mara tatu kwa sababu moyo ulikuwa unakataa.

Machi 27

Siku nne zimekamilika, sado 32. Namba 33 ametoka kwenye kura mara mbili. Safari ya pili alinikaribisha kiti.

Aprili 1

Mvua ya masika tangu alfajiri. Mwaloni ni tope, na dagaa ni wengi mno kwa sababu ni wakati wa giza, wavuvi wanatoka kila usiku. Wanakuja wengi, jua hakuna, na hakuna anayeweza kuwashikilia hadi wakauke vizuri. Nikiwabana kiganjani wanakunjika bila kuvunjika. Wastani wa sado nane za leo ni 1,065. Hizo za juu ni maji.

Nilijaribiwa kuifuta siku hii na kupiga kura upya. Lakini shangazi hununua hata siku za mvua. Siku hii ni sehemu ya soko, inabaki.

Aprili 4

Bado mvua. 1,040.

Aprili 11

Nimemaliza. Sado 64, siku 8, beseni moja lililopasuka.

Wastani ni gramu 1,003. Mkengeuko sanifu 84, umezidi kidogo ule wa 80 niliopangia. Kosa sanifu 84 gawanya kwa 8, ni 10.5. Mara 1.998, ukingo ni 21. Nilimwahidi shangazi 20 nikaleta 21, kwa sababu hesabu ya ukubwa wa sampuli hutumia mkengeuko wa kukisia na soko halikusaini mkataba na kisio langu. Masafa: 982 hadi 1,024.

Kwa asilimia 90 ukingo ungeshuka hadi 17.5, kwa asilimia 99 ungepanda hadi 28. Uhakika zaidi, masafa mapana zaidi. Anayetaka asilimia 100 aandike kati ya sifuri na gunia.

Aprili 13

Sasa ile sentensi. Kila mtihani una swali la kuchagua maelezo sahihi, na kila mwaka darasa linaanguka hapo hapo: "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani uko kati ya 982 na 1,024." Inasikika vizuri, na kwa nadharia tunayofundishwa ni kosa.

Nikaamua nijionee. Nikaandika gramu za sado zangu 64 kwenye vikaratasi, nikavitia kwenye sado tupu (ilistahili), nikamwita binamu, aliye kidato cha pili. Tukajifanya kwamba hizo 64 ndizo soko zima, kwa hiyo wastani wa kweli tunaujua: 1,003. Binamu anachomoa kikaratasi, anasoma, anarudisha, anatikisa, mara kumi. Mimi nakokotoa wastani, mkengeuko, natumia 2.262, naandika masafa. Kisha tunaanza upya. Tulifanya mara 40, ikatuchukua mchana mzima na soda mbili.

Masafa 37 kati ya 40 yaliishika 1,003. Matatu yaliikosa: mawili yalikuwa juu yake, moja chini. Asilimia 95 ya 40 ni 38, hatukuwa mbali.

Binamu akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia darasani likisemwa vizuri hivyo: "Kumbe hiyo elfu moja na tatu haiendi popote. Sisi ndio tunarukaruka." Ndiyo. Wastani umetulia kama lile jiwe la Bismarck hapa Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria, halijui kama tuko. Kinachobahatisha ni masafa, kwa sababu yanatoka kwenye sampuli na sampuli hubadilika. Asilimia 95 ni sifa ya njia yetu ya kuyatengeneza: ukiirudia mara nyingi, takriban masafa 95 katika kila 100 yataushika wastani. Yakishaandikwa, haya ya 982 na 1,024 ama yameushika ama hayakuushika. Wazo hili alilipanga Jerzy Neyman, mwanahisabati wa Poland, kwenye makala yake ya 1937, na nadhani angefurahi kuona sado.

Yale masafa matatu yaliyokosa nimeyatazama sana. Hayana alama yoyote. Yamekokotolewa sawasawa, mapana kama wenzake. Ningekuwa nimefanya mara moja tu na likanitokea mojawapo ya hayo, nisingejua.

Aprili 16

Nimemwonyesha mwalimu. Amefurahia vikaratasi, kisha akauliza kwa sauti ileile ya Machi 8: "Sado 64, lakini siku ngapi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Sado nane za siku ya mvua zimelowa mvua moja. Nikijua moja ni nzito, nabashiri na ya pili. Kwa hiyo sina vipande 64 vya habari vinavyojitegemea, vinapungua.

Akanielekeza njia ya wazi kabisa: chukua wastani wa kila siku, uuhesabu kama kipimo kimoja. Siku nane ni 985, 1,010, 970, 995, 1,065, 1,040, 975 na 984. Wastani wake ni 1,003 uleule. Mkengeuko kati ya siku ni 33.6, gawanya kwa kipeuo cha 8 ni 11.9. Jedwali la t kwa digrii 7: 2.365. Ukingo: gramu 28.

Masafa ya mwisho ni 975 hadi 1,031. Ni karibu sawasawa na yale niliyoyapata kwa asilimia 99 wiki iliyopita, kwa hiyo nilichokuwa nakiita asilimia 99 kilikuwa asilimia 95 ya mtu mkweli. Na ile ahadi ya gramu 20 imezidi kuniponyoka: ningetaka kuitimiza, dawa ingekuwa siku zaidi, wala si sado zaidi kwa siku ileile.

Aprili 19

Nimemsomea shangazi matokeo akiwa anafunga duka. Gramu 975 hadi 1,031.

Akachukua sado aliyonunua asubuhi, akaimimina kwenye mizani yake mwenyewe. 890. "Mbona hii haimo?"

Hapo nikagundua kwamba swali la mtihani nimelielewa lakini la dukani sijajiandaa nalo. Nikamweleza kwamba masafa yangu ni ya wastani, yaani wa sado nyingi zikichanganywa, na hayasemi lolote kuhusu sado moja moja. Moja moja zinatawanyika mno. Katika 64 zangu zipo za chini ya 850 na zipo za juu ya 1,180. Nikamwonyesha daftari. Akapekua kurasa polepole, akawa anatambua watu kwa gramu zao. "Huyu wa 840 namjua."

"Shangazi, majina sikuandika."

"Namjua."

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Hakuitazama 1,003 hata kidogo. Akauliza, "Hiyo ya chini ni ngapi?" Nikasema 975. Akachukua kalamu ya bei, akazidisha kwa sado 60: kilo 58 na nusu. "Nitapanga bei kama nina kilo hamsini na nane na nusu. Zikizidi, zangu." Kwake upande wa juu hauna kazi, anachohofia ni upande mmoja tu, na kwa upande huo mmoja masafa yangu yana uhakika wa asilimia 97.5. Sikumwambia. Tayari alikuwa anaandika bei mpya.

Na zile gramu 5 za mizani ya keki? Nimezitaja kwenye ripoti. Jirani hataki kusikia.

Aprili 20

Nilidhani ripoti imefungwa. Nikafanya kosa la kumtajia shangazi kwamba, kila nilipomrudishia muuzaji dagaa wake, nilipima mchanga uliobaki kwenye beseni, na kwamba sado 18 kati ya 64 ziliacha gramu 5 au zaidi.

18 kwa 64 ni asilimia 28. Kwa kanuni ya kawaida ya uwiano ukingo ni asilimia 11, kwa hiyo ni kati ya asilimia 17 na 39, na hapo sijaanza kuuliza tena habari ya siku. Ni mapana kiasi kwamba hayasemi kitu cha maana.

"Yabane," akasema shangazi. Anataka ukingo wa asilimia 5, kwa sababu anafikiria kuhamia kwa wauzaji wa dagaa wa chanja peke yao, na hao bei yao iko juu.

Nimekokotoa kwa p ya 0.28. Sado 310.

Shangazi anasema niende na binamu. Binamu anasema ana mitihani.